Mkono Ndani ya Kinu

Mtu akija kwako analia, usikimbilie kumpa maji. Hilo ndilo nataka mlijue kabla ya mengine, nyinyi vijana mnaosomea kazi hii ya kukaa na watu wenye shida za nyumba. Najua, maji ni heshima, na mama zenu waliwalea vizuri. Lakini mtu anayelia ana neno kooni. Ukimpa kikombe, analimeza pamoja na maji. Halafu anakushukuru, anafuta macho, anarudi kwake na neno lake tumboni. Ngoja kwanza. Akishasema, mpe maji, mpe na chai kama iko.

Mimi nilianza kazi hii hapa Kisangani wakati mji bado ukiitwa Stan, na sisi weusi tukikaa cité, wazungu wakikaa ville. Hakukuwa na jina refu kama lile mnaloandika kwenye diploma zenu. Waliniita Mama Feza wa foyer, ile nyumba ya mafunzo ya wanawake. Walevi wa karibu na soko waliniita daktari wa vitanda. Sikukasirika. Mlevi akikupa jina, siku moja na yeye atakuletea kitanda chake, na kweli wengi waliletwa, wengine wakisukumwa na mama wakwe.

Shule nilisoma mpaka mwaka wa tatu, tena huo wa tatu niliuonea mlangoni, sababu mama alijifungua mapacha na mmoja akawa wa mgongo wangu. Kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Nina yale niliyofundishwa na walimu wawili, na yale niliyofundishwa na makosa, na makosa yalikuwa mwalimu mwenye bidii kuliko wote.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Mademoiselle, mzungu mwembamba aliyefundisha wanawake kushona pale foyer. Alikuwa pia na siku yake ya kupokea wake na waume wenye ugomvi, na mimi nilikuwa mdomo wake wa Kiswahili. Aliweka saa mezani, akawaambia: sindano ikifika hapa, tunafunga. Mwanzo niliona ni ukatili. Watu wanalia, wewe unaangalia saa? Kumbe mtu akijua kuna mwisho, hapotezi muda kwa habari za shangazi. Sindano ikikaribia, ndipo anatoa neno lililomleta. Ile saa bado ninayo, imekufa, lakini naipangusa.

Wa pili alikuwa Mama Zuhura, jirani yetu, wa zile familia za Kiislamu za zamani ambazo babu zao walikuja na misafara ya pembe. Yeye alifunda mabibi arusi, na wakiharibikiwa walirudi kwake kutengenezwa. Hawa wawili hawakupendana. Mademoiselle alisema Mama Zuhura anapika watu badala ya kuwasikiliza. Mama Zuhura alisema: "Ule mutoto ya batu anasikia muzuri sana, lakini anakalisha batu uso kwa uso kama tribunal. Muke na bwana banaangaliana kwa macho, bataona nini? Kila mutu anaona adui yake."

Bon. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Mimi nilichukua saa kwa mmoja, na kwa mwingine nikachukua kinu.

Kinu chenyewe kilikuwa hivi. Nyinyi mnakula lituma mezani, hamjui inavyozaliwa. Makemba, zile ndizi kubwa za kupika, yakishaiva ndani ya sufuria, yanatwangwa yangali moto. Yakipoa yanakuwa na mafundo kama goti la mzee. Mmoja anashika mchi, anatwanga. Mwingine anachovya mkono kwenye maji baridi, anautia ndani ya kinu, anageuza, anautoa, mchi unashuka. Anageuza, anatoa, mchi unashuka. Sasa Mama Zuhura alikuwa na desturi yake: wakija wawili waliogombana, hakuwauliza kitu. Aliwapa makemba. Anayelalamika sana anashika mchi. Anayelalamikiwa anatia mkono.

Fikirini wenyewe. Una hasira na mke wako, una mti mzito juu ya kichwa, na mkono wake uko chini. Lazima uangalie ule mkono. Labda ni mwaka mzima hujauangalia.

Sikuamini mara moja. Nilidhani ni mambo ya kizamani. Nilikuwa na saa, nilikuwa na viatu vya kamba, nani angenifundisha?

Kabla sijafika huko, nisiache nikasahau, kulikuwa na mzee mmoja machiniste, dereva wa treni ya ng'ambo ya mto, aliyepewa kupumzika. Wiki nzima mke wake alikuja kwangu macho mekundu. "Mama Feza, anapiga filimbi asubuhi! Anasimama mlangoni anahesabia watoto saa ya kuondoka! Jana nilichelewa kupika sombe, akaniandikia kosa kwa chaki ukutani!" Nikamwita mzee, nikampa mashauri marefu, mazuri, ya kupumzika na kumshukuru Mungu. Akasikiliza kwa adabu. Kesho yake filimbi ikalia mapema zaidi. Mama Zuhura akacheka mpaka akashika ubavu. "Wewe unamuambia apumzike? Mutu aliendesha treni! Mumupe kitu ya kuendesha." Wakampa kuchunga mbuzi wa lupango, ule ua mzima, wa kwake na wa majirani. Mpaka anakufa, mbuzi wa avenue ile walitoka na kurudi kwa filimbi. Kazi ikimtoka mtu, usimpe maneno mahali pa kazi. Mpe mbuzi.

Alors, turudi.

Uhuru ulipofika, watu waligombana kwa mambo ambayo hayakuwapo. Alikuwapo kijana mmoja, Augustin, mtu wa Opala, aliyekuja na mashua ya Lomami akiwa mdogo, akasoma, akawa karani kwenye ofisi ya mashua. Mke wake Albertine alikuwa binti wa Wagenia, baba yake alitega vikapo pale kwenye maporomoko, na yeye alikausha samaki na kuuza sokoni. Walipendana vizuri, kwa kelele. Mzungu wa ofisi akaondoka, Augustin akapewa kiti chake, na pamoja na kiti nyumba ya ville yenye mapazia. Akamwambia Albertine: sasa samaki basi, vaa viatu ndani, na wageni wakija sema Kifaransa. Albertine akafunga kitambaa chake, akarudi kwa baba yake.

Augustin akaja kwangu na tai shingoni. Nikaenda kwenye ile nyumba, nikawakalisha mezani salon, uso kwa uso, nikaweka saa. Augustin akasema kwa Kifaransa mpaka jasho likamtoka. Albertine akaangalia sindano mpaka ikafika, akasimama, akasema, "Saa imekwisha," akaenda zake.

Mama Zuhura akaniuliza, "Mulikaa wapi?"

"Kwa meza, salon."

"Bon. Basi mulisemesha meza."

Akanitwika mkungu wa makemba. Safari hii niliwapeleka nyuma, jikoni kwa kuni. Augustin alivua tai akaificha mfukoni, akachungulia ua.

"Mama Feza, batu bataona! Batasema chef iko natwanga!"

"Baseme," Albertine akajibu. "Chef hana tumbo?"

Akashika mchi. Akatwanga kama anayeua nyoka.

"Unatwanga makemba ao unatwanga mimi?"

"Toa mukono basi!"

"Nikitoa, itashika. Angalia mukono, wacha hasira."

Akaangalia. Mimi nilikuwa pembeni nachambua pilipili ambayo ilikwisha kuchambuliwa. Mchi ukapungua nguvu. Akasema, "Hii kovu ni ya nini?"

"Ya moto ya samaki. Ile mwaka ulikuwa unasoma cours ya jioni. Ulikula nini ile mwaka, Augustin? Ulikula hii."

Akatwanga polepole muda mrefu. Halafu akatoa lake, nalo halikuwa la samaki kabisa. Alisema kile kiti ofisini ni kikubwa. Akikaa, miguu inatafuta chini. Kila siku anangoja mtu afungue mlango amwambie, toka, rudi kwenu. Na harufu ya samaki ilimwonyesha huko kwao pa kurudishwa.

Albertine akacheka, si kwa ubaya. "Na wewe unaogopa kurudi kwetu? Kwetu banakula kila siku."

Wakapatana: samaki wabaki kwa baba yake, na Augustin mwenyewe aende kumchukua mke wake jioni na gari la ofisi, vioo vyote chini. Ville nzima ilijua mke wa chef anarudi. Nilijivuna sana siku zile. Nilitembea kama bata.

Halafu rébellion ikaingia mjini. Sitawaeleza yote. Walioona wameona, na nyinyi mlizaliwa ili muone mengine. Nitasema tu lile la kazi yetu. Waliotafutwa walikuwa makarani, wenye tai, wenye kalamu. Njiani kulikuwa na barrière, vizuizi vya watu wenye silaha, na kila barrière ilikuwa na maswali: wewe nani, kazi yako gani, onyesha mikono. Kiganja laini kilikuwa jibu baya. Albertine alimvalisha Augustin matambara ya uvuvi, akamvusha kwa njia za wavuvi mpaka kwa baba yake, akamficha ndani ya kibanda cha kukaushia samaki, chini ya vikapo vya zamani. Kikapo cha Wagenia mnakijua, kinameza mtu mzima. Alikaa humo ndani ya moshi, asikohoe, mpaka mambo yakaisha.

Akatoka mzima. Watu wakashangilia. Lakini hakusema. Siku, wiki, miezi. Walipata chumba kimoja cité, ile nyumba ya ville ikawa ya wengine. Alikula, alioga, alikaa mgongo ukutani akiangalia mlango. Hakusema neno, hata la chumvi.

Siku moja Albertine akaja kwangu. Alilia, sikumpa maji. Mwishowe likatoka.

"Yaya Lokwa amefika kutoka Opala." Huyo ni kaka mkubwa wa Augustin. "Anasema mutu akinyamaza hivi ni ya kurudisha kwa bazee. Kesho mashua inaondoka. Mama Feza, bakimupeleka hatarudi. Bamekwisha kumutafutia muke wa kumulinda. Mi naona banakunja mukeka yake, na mi niko nasimama tu."

Mademoiselle alikuwa amekwisha kwenda Poto, kwao Ulaya. Nikachukua saa yake, kama mtu anayechukua mwavuli, nikaenda. Augustin alikuwa pale ukutani. Nikakaa chini, kando yake, si mbele; hilo nilikuwa nimejifunza. Nikasema kwa sauti nzuri, "Papa Augustin, uko namna gani? Ulilala vizuri?"

Alinyoosha mikono yote miwili, akanionyesha viganja.

Nilikimbia mpaka kwa Mama Zuhura. Alikuwa amezeeka, analala mchana. Akafumbua jicho moja.

"Umemuuliza?"

"Kidogo tu. Kama alilala."

"Bote bamemuuliza. Wewe ni barrière ingine." Akafumba jicho. Nikadhani amelala. "Fanya kazi bila swali. Sema kitu ya uongo. Mutu anapenda kurekebisha."

Asubuhi yake nikafika na makemba. Kinu tuliazima kwa jirani, cha Albertine kilikuwa kimefanywa kuni. Yaya Lokwa alikuwa amekalia mzigo mlangoni, mtu mnene, mwenye kofia. Si mtu mbaya. Alimpenda mdogo wake na aliogopa, na mwenye hofu hukalia mzigo.

Albertine akashika mchi, mimi nikatia mkono. Nikaanza uongo wangu.

"Watu wa Opala," nikasema, "hawajui lituma. Wanaila na sukari."

"Nani?" Lokwa akaruka. "Sisi? Na sukari? Mama, hujafika kwetu!"

"Na Augustin alikuwa anaitwanga vibaya, kama mtu wa usingizi."

Mdomo wa Augustin ukasogea upande mmoja. Kidogo, kama pazia. Sikumwangalia. Vijana, kitu kidogo kikitokea, msikiangalie, kitakimbia. Endeleeni kugeuza makemba.

Albertine akaanza kusema mwenyewe, kwa mwendo wa mchi. Alisema jinsi moshi ulivyokuwa, jinsi baba yake alivyoimba kwa nguvu kila Augustin alipotaka kukohoa. "Siku moja bakakuja mpaka kwa mulango ya kibanda. Mi nikamutia mukono ku mudomo. Nikamuambia, Augustin, tangu leo hauna mudomo. Usiseme mpaka mi nakuambia."

Mchi ukapiga mara moja tena, ukasimama.

Alikuwa amesikia neno lake mwenyewe. Mimi pia nilisikia, na ulimi uliniwasha. Ningeweza kusema, unaona? Ningeweza kueleza, kwa faida ya Lokwa, kwa faida ya sifa yangu. Badala yake nikatoa mkono kwenye kinu nikasema umechoka. Nilikuwa msichana mwenye nguvu za kubeba mkungu, lakini nilisema umechoka.

Tukakaa. Makemba yakaanza kupoa. Albertine ameshika mchi, macho chini. Mbele yangu saa ya Mademoiselle inatembea, na huko kando ya mto mashua inapakia.

Lokwa hakuvumilia. "Itashika hiyo! Lituma inashika, nyinyi munaangalia!"

Ndipo Augustin alipoondoka ukutani. Alikuwa mtu asiyependa chakula kiharibike, tangu zamani. Akachuchumaa, akachovya mkono kwenye maji, akautia ndani ya kinu. Ule mkono wa karani. Akageuza, hakuutoa. Akamwangalia mke wake.

Albertine akainua mchi. Akautelemsha polepole, pembeni kabisa. Augustin akageuza. Akainua tena. Augustin akageuza. Mara ya nne au ya tano, tonge la moto la chini likamshika vidole.

"Iko moto!"

Mbuzi wa jirani alisikika akitafuna.

"Sema tena," Albertine akasema.

"Iko moto, Albertine! Unataka kunipika?"

"Sema tena! Sema mpaka bale ba Lubunga, ng'ambo ya mto, basikie!"

Akasema tena. Na tena, kwa nguvu, sauti yake imekauka kama mlango wa zamani, na yeye analia, na Albertine analia na kutwanga. Sikuwapa maji. Lokwa alisimama mlangoni na mzigo wake, anatuangalia mmoja mmoja.

"Alors, mi nabeba nani?"

"Beba lituma, yaya," Albertine akamwambia. "Uende kuonja bila sukari."

Akabeba, kweli, majani mawili yaliyojaa. Na mkeka akauacha.

Msidhani Augustin alipona siku ile kama homa. Alikaa mgongo ukutani miaka mingi, na swali lilimshtua. Albertine alijifunza kusema bila kuuliza. Katika nyumba ile hawakusema "unakwenda wapi". Walisema "unakwenda," na mwingine akamalizia kama anapenda. Nami tangu hapo nilijua kwamba kuna watu ambao upole wako wote unawafikia ukiwa na sura ya mtu aliyewaumiza, na kwamba si kosa lao, wala si lako, lakini kutafuta njia nyingine ni kazi yako. Kwenye kiti cha ofisi hakurudi, hakukitaka. Akafundisha watoto wa primaire. Watoto wanauliza kutwa, mpaka nzi wanaulizwa. Hao aliwaweza.

Jioni moja, tumekwisha kuzeeka, nilikuwa nimekaa mbele ya mlango wangu wakapita, yeye mbele, Albertine nyuma na beseni la samaki kichwani. Nikajisahau kabisa. Nikaita, "Papa Augustin, unatoka wapi?"

Akasimama. Akanyoosha mikono yote miwili, akanionyesha viganja.

Vilikuwa vyeupe kwa chaki.

"Mwalimu, mama," akasema, macho yanacheka. "Unaniacha nipite?"

"Usimuache!" Albertine akapiga kelele nyuma. "Leo bado hajatwanga!"